Wasomi wa Sebule Yangu

Nakivubo wananijua. Mtu akitaka kusikia jinsi binadamu anavyoweza kuinuka bila kushikwa mkono, hunifuata dukani, na mimi huwa sina haraka ya kumaliza. Nilianza na ndoo ya maji na kitambaa, nikiosha magari ya abiria wakati madereva wanakunywa chai. Leo nina duka la spea lenye milango miwili, nina nyumba Kisugu yenye sebule ambayo maharusi wa mtaani huiomba kwa ajili ya picha, na nina binti aliyesomea sheria. Mimi mwenyewe darasa la nne liliona mgongo wangu. Watu huniita Haji, ingawa Maka bado sijafika. Hapa Kampala mwenye milango miwili na kofia safi huitwa Haji kwanza, safari itafuata.

Binti yangu alipomaliza chuo kikuu nilidhani tumemaliza. Nilichinja mbuzi, nikaalika mtaa mzima, nikamtambulisha kwa kila aliyekuja na sahani kwamba huyu ndiye wakili. Kesho yake akaniambia, "Baba, mimi bado si wakili."

"Kwa hiyo yule mbuzi amekufa kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya digrii, Baba. Uwakili bado."

Kumbe kuna chuo kingine baada ya chuo. Kila aliyesomea sheria lazima apite huko kabla ya kuruhusiwa kusimama mahakamani. Hawafundishwi tena sheria ni nini, wanafundishwa kuitumia: kuinama kidogo mbele ya hakimu, kumhoji shahidi, kumwita mpinzani wako msomi mwenzangu huku unamtukana. Wanagawanywa vikundi, na kila kikundi huitwa ofisi, kana kwamba tayari wana mlango na bango. Ofisi hufanya kazi zake pamoja na hupewa alama pamoja. Mmoja akianguka, wote wanachafuka. Niliposikia hivyo nilimwonea huruma binti yangu. Mimi maisha yangu yote sijawahi kugawana alama na mtu.

Ofisi yao ilihamia sebuleni kwangu. Walijaribu mikahawa ya Kabalagala, lakini huko muziki huanza kabla chakula hakijafika, na huwezi kujifunza kumhoji shahidi huku spika inakugonga kifuani. Kwangu kulikuwa na jenereta, kulikuwa na pilau ya mke wangu, na kulikuwa na mimi. Nikawaambia karibuni. Mtu akishajenga sebule ya namna ile, ni dhambi kuwanyima wengine wasiione.

Walikuwa wanne. Binti yangu nimeshamtaja: anaongea kama mimi, ila kwa Kiingereza. Mkubwa wa ofisi alikuwa mama kijana kutoka upande wa Mbarara, mwenye mtoto wa kunyonya. Alikuwa akifika mlangoni anamkabidhi mke wangu mtoto kama mtu anayekabidhi mwavuli, kisha anakaa, anafungua makaratasi, na kuanzia hapo hacheki. Alitaka kuwa wa kwanza katika chuo kizima, na hakulificha. Wa tatu alikuwa Mkenya, mnene, mcheshi, kutoka upande wa Kisumu. Alikuwa amesoma Kampala miaka yote ile na Luganda aliyoijua ilikuwa ya kuagizia chakula tu. Wa nne alikuwa kijana wa Arua, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri sana, na huyo ndiye aliyeleta mambo yote haya.

Kwa sababu ya Mkenya na huyu wa Arua, na kwa sababu Kiingereza changu ni cha spea, sebuleni tulizungumza Kiswahili. Sisi Wanubi babu zetu waliletwa na jeshi, Kiswahili tumezaliwa nacho. Mkenya hakuniacha nikajisifu kwa hilo.

"Mzee wangu, Kiswahili chako kinanuka baruti. Ukinisalimia nasikia kama naambiwa nipige saluti."

"Na chako kimetoka Kisumu kwa miguu," nikamjibu. "Ndiyo maana kila kitu kimepotea njiani, hata salamu."

"Haji ameniua! Kaunseli wenzangu, mmeona? Andikeni, nimekufa kwenye kochi la kijani." Kaunseli ndivyo walivyoitana wao kwa wao, yaani wakili.

Kijana wa Arua alikuwa anacheka na wenzake, lakini kwa pua tu. Nilidhani ana maringo. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba jikoni yule kijana huongea sana, anamsaidia kukatakata vitunguu na kumsimulia habari za kwao mpaka maji ya chai yanakauka. Kumbe tatizo lake lilikuwa kusimama. Mpe kitu cha kuandika, ataandika mpaka wenzake wote wanakili kutoka kwake. Msimamishe mbele ya watu, sauti inaondoka. Mwaka uliopita, katika mtihani wa kuhoji shahidi, alisimama, akainama vizuri, akafungua mdomo, pakawa hakuna kitu. Ukumbi ulicheka. Akafelishwa, akaambiwa arudie, na chuo kile kina sheria kwamba hakuna mara ya tatu. Safari hii ikimshinda, basi, amekwisha. Miaka yote ile ya kusoma ataiweka kabatini.

Lililomtesa zaidi ni mama yake. Huko Arua mama alikuwa ameshawaahidi majirani. Kila mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba alikuwa anaambiwa subiri, mwanangu wakili anakuja. "Mzee," kijana aliniambia siku moja, "kuna watu wameacha kugombana wananisubiri mimi." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kesi waliyopewa kwa mtihani ilikuwa ya kutunga. Wafanyabiashara wawili walijenga duka pamoja, halafu mmoja akamfukuza mwenzake na kubadilisha kufuli. Ofisi yetu ilimtetea aliyefukuzwa, ofisi nyingine ikamtetea aliyefukuza. Mwalimu wao, mama aliyewahi kuwa hakimu wa kweli, alitaka shahidi aletwe kutoka nje, mtu asiyejua sheria, aongee lugha yake, na ofisi itoe mkalimani kama mahakamani. Wakahitaji mtu wa kuigiza yule mfanyabiashara aliyefukuzwa. Sikungoja kuulizwa.

Ugomvi ukaja kwenye swali la nani atanihoji. Kanuni ilikuwa kwamba kila mmoja lazima aseme mbele ya hakimu, asiyesema hana alama. Mkubwa wa ofisi akapendekeza kijana wa Arua apewe sentensi moja ya mwisho: Mheshimiwa, hatuna zaidi.

"Huyo ni mtu, si kengele ya kufungia shule," binti yangu akasema. "Hawawezi kumpa alama za kutosha kwa sentensi moja."

"Na akisimama na shahidi mzima akanyamaza, atatuzamisha sote. Mimi nina mtoto, sina mwaka mwingine wa kuja kukaa kwenye makochi ya watu."

"Makochi ya watu ni mazuri lakini," Mkenya akasema.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kijana mwenyewe alikuwa anaangalia zulia. Mwisho akasema polepole, "Nipeni Haji."

"Kwa nini Haji?" mkubwa akamwuliza.

"Haji akianza kuongea hakuna mtu anayeniangalia mimi."

Nililipokea kama sifa, na hadi leo naliweka huko.

Tukaanza mazoezi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha meza ya chakula, hicho kikawa kizimba. Mkenya alisimama pembeni yangu, mkalimani. Kijana alisimama karibu na televisheni, na binti yangu na mkubwa wake walikaa kama mahakimu. Maswali yalikuwa machache: jina langu na kazi yangu, nilikutana wapi na mwenzangu, duka lilijengwa na nani, mwenzangu alifanya nini. Kazi yangu ilikuwa kujibu. Nyepesi? Ngoja.

Kwenye swali la duka lilijengwa na nani nilijibu kama ninavyojibu siku zote. "Nililijenga mwenyewe."

"Baba! Hati yetu inasema mlijenga wawili. Unadai nusu, hudai lote."

"Basi badilisheni hati."

"Haibadilishwi, Baba. Sema: tulikuwa wawili."

Nikajaribu. Sikieni, mimi maneno hayo kinywa changu hakijayazoea. Nikiyakaribia ulimi unageuka wenyewe kama gari lenye usukani mbovu. Nilisema, "Tulikuwa wawili, lakini kwa kweli nililijenga mwenyewe." Mkenya alianguka kwenye kochi kwa kicheko. Na kutoka jikoni nikasikia sauti ya mke wangu, haijaulizwa na mtu: "Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nacheza?"

Hayo yalikuwa mambo mengine. Wakati naosha magari, yeye alikuwa anakaanga sambusa na kuziuza palepale stendi, hilo sikatai. Lakini kuosha ni kuosha na sambusa ni sambusa. Nikamwambia atuache, tuko mahakamani.

Kijana naye alikuwa na ubovu wake. Siku nyingine aliuliza maswali mawili bila shida. Siku nyingine alisimama pale karibu na televisheni, mikono imekamata karatasi, mdomo wazi, hakuna kitu. Na ili wote tusikae tumeganda, Mkenya, mtu wa huruma sana, akaanza kufanya jambo. Kijana akikwama, yeye ananigeukia mimi na kusema, "Shahidi, wakili anakuuliza jina lako na kazi yako." Mimi najibu, yeye anatafsiri, kazi inaendelea. Mara nyingine kijana aliamka katikati na kuchukua mwenyewe. Mara nyingine tulimaliza mazoezi yote, maswali yote na majibu yote, bila yeye kutoa neno. Na wenzake wakampigia makofi! Walisema leo afadhali, leo alionekana ametulia.

Ni mkubwa wa ofisi peke yake aliyekunja uso. "Mnamfundisha kunyamaza," alisema. "Siku ya mtihani hamtaweza kuacha."

"Kaunseli, wewe roho yako imefungwa na waya," Mkenya akamwambia. "Anajenga kujiamini."

"Anajenga kujiamini kwako, si kwake."

Sikumsikiliza. Na mimi nilipenda mtindo ule, kwa sababu mazoezi yalikwenda haraka na majibu yangu yalisikika vizuri yakiwa yanafuatana bila kelele za maswali.

Siku ya mtihani nilivaa kanzu na koti jipya juu yake. Mke wangu alikuja pia, kwa ajili ya mtoto wa mkubwa wa ofisi, akakaa nyuma kabisa anampakata. Chuoni wametengeneza chumba kama mahakama, chenye meza ya juu, kizimba cha mbao na nembo ukutani. Mwalimu wao, hakimu wetu siku ile, alikaa juu na miwani imening'inia kwa mkufu, kalamu mkononi. Ofisi pinzani walikuwa upande wa pili, wamejipanga na makaratasi yao yenye alama za rangi. Walitutazama kama watu waliokwisha kushinda. Nikawatazama kama mtu mwenye milango miwili.

Yote yaliyosemwa mle yalikuwa kwa Kiingereza, isipokuwa ya kwangu. Nayaweka hapa kama nilivyoyashika, na Mkenya pale pembeni alikuwa ananipa yaliyonipita.

Nikaapishwa. Kijana wa Arua akasimama, akainama vizuri. Hakimu alikuwa ameinamisha kichwa anaandika tarehe au chochote wanachoandika. Kijana akafungua mdomo.

Hakuna kitu.

Nikaona macho ya binti yangu yamemganda. Nikaona mkubwa wa ofisi ameshika ukingo wa meza. Halafu, palepale kando yangu, kwa sauti ya heshima kabisa kama siku zote, Mkenya akasema, "Shahidi, wakili anakuuliza jina lako na kazi yako."

Na mimi nikajibu! Ningefanya nini? Nimeulizwa. Mkenya akatafsiri. Hakimu, kichwa chini, akaandika.

Kimya tena. "Shahidi, wakili anakuuliza ulikutana wapi na mwenzako." Nikajibu kwa urefu, kuhusu stendi, kuhusu madereva, kuhusu ndoo. Mkenya alitafsiri vizuri, hata pale pa ndoo. Hakimu akaandika.

Ofisi pinzani wakaanza kutazamana. Mmoja wao, kijana mwenye tai nyekundu, alikuwa amenyanyua sikio kama mtu anayesikia panya kwenye dari. Akasimama.

"Mheshimiwa, tunapinga."

Hakimu akainua kichwa. "Unapinga swali gani?"

Kijana wa tai akatazama karatasi yake, akamtazama kijana wa Arua, akatazama tena karatasi. "Hilo ndilo tatizo, Mheshimiwa. Hatujui."

Hapo hakimu akavaa miwani. Akasoma alichoandika, polepole, kidole kikifuata mistari. "Mimi nina majibu hapa," akasema. "Maswali yako wapi?" Akamgeukia Mkenya. "Mkalimani, umekuwa ukitafsiri nini?"

"Mheshimiwa," Mkenya akasema, jasho likimtiririka, "nimekuwa nikitafsiri alichokusudia wakili."

"Amekusudia kwa lugha gani?"

Chumba kizima kikacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, mpaka nilipomwona kijana wa Arua. Kicheko kile kilikuwa ni kilekile cha mwaka uliopita, alikuwa anakijua kama mtu anavyoijua mvua ya kwao. Nikasema moyoni, imekwisha. Mama yake huko Arua awaambie majirani waendelee kugombana.

Hakimu hakucheka. Akasema mkalimani amekula kiapo cha kutafsiri yanayosemwa, na mkalimani anayetia maneno kinywani mwa wakili anaweza kesho kuyatia kinywani mwa shahidi, na mtu akafungwa kwa ajili hiyo. Alisema atamtoa nje na kumwandikia sifuri. Mkenya akawa ameshaanza kutoka, ametoa na kitambaa cha kujifutia. Mtu mnene yule alionekana mdogo ghafla.

"Mheshimiwa."

Sikujua nani amesema. Hakimu naye akatafuta kwa macho.

"Mheshimiwa, ni mimi." Ilikuwa sauti ya kijana wa Arua, ile ya jikoni, ya vitunguu. "Mkalimani amenisaidia kwa muda mrefu mpaka amesahau kwamba ni kosa. Hakuna alichokitunga. Maswali ni yangu, yako hapa. Akitolewa nje kwa sababu yangu, mimi sitasimama tena mahali popote. Naomba abaki. Naomba niyaulize mwenyewe, na yeye atafsiri nitakayoyasema tu."

Hakimu akavua miwani. "Hayo yote umeyasema bila kuvuta pumzi," akasema. "Mkalimani arudi, nitashughulika naye mwishoni. Majibu yote ya shahidi yafutwe. Wakili, anza upya."

Yafutwe! Yalikuwa majibu mazuri. Lile la ndoo sijawahi kulisema vizuri vile.

Akaanza. Sauti ilitetemeka kwenye jina na kazi, ikakaa sawa kwenye la pili. Mimi, kwa uchungu wa kufutiwa, nikaamua kurudisha kila kitu: stendi, madereva, ndoo, na nikaongeza habari za koti langu la kwanza. Nilikuwa katikati ya koti.

"Shahidi," kijana akasema, "jibu nililouliza. Inatosha hapo."

Nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuniambia inatosha hapo. Mtu ambaye kijiko chake kiko kwenye kabati langu! Mkenya alinitafsiria neno kwa neno, kwa sauti ndogo, na nikaona anafurahia. Nikanyamaza.

"Duka lile lilijengwa na nani?"

Mkenya akatafsiri. Mimi nikafungua mdomo na neno likawa tayari limekaa mbele, lile la siku zote. Nikamwona binti yangu amefumba macho. Kijana hakunipa ishara yoyote, alisimama tu ananisubiri, na nikaelewa kwamba nikisema langu, swali lake la kwanza la maana maishani litakuwa limevunjwa na shahidi wake mwenyewe. Pale nyuma mtoto alikuwa amelala, na mke wangu hakuwa na kazi nyingine ila kunitazama.

"Tulikuwa wawili," nikasema.

"Mwenzako alifanya nini?"

Hapa niliandikiwa niseme kwamba mwenzangu alileta mbao na mabati. Nilikuwa nimekariri. Lakini nilikuwa nimetumia nguvu zote kwenye lile la kwanza, na mbao zikanitoka kichwani. Nikasema, "Alikuwa anaamka kabla yangu. Alikuwa anakaanga sambusa."

Mkenya akaniangalia, akatafsiri kama alivyoagizwa, yanayosemwa tu. Kijana wa tai nyekundu akaruka.

"Mheshimiwa, sambusa hazimo kwenye hati yoyote! Tumepekua!"

"Shahidi anaeleza kazi ya mwenzake kwa maneno yake, Mheshimiwa," kijana wa Arua akasema, hata hakugeuka kumtazama. "Msomi mwenzangu atapata nafasi ya kumwuliza kuhusu sambusa zamu yake ikifika."

"Ziandikwe," hakimu akasema.

Na msomi mwenzake alipofikiwa na zamu, aliniuliza kweli, kwa ukali, zilikuwa sambusa za nini. Nikamwambia za nyama na za dengu. Akaandika, akakaa.

Mwishoni hakimu akaweka kalamu chini. Alisema kijana wa Arua ameihutubia mahakama, na kwa kipimo cha mtihani huu, ametosha. Ametosha, alisema hivyo tu, lakini nilimwona kijana ameinama kuokota karatasi ambayo haikuwa imeanguka. Kisha hakimu akamwita mkubwa wa ofisi.

"Lile la mkalimani. Lilikuwa wazo lake mwenyewe hapa leo, au ni jambo la ofisi? Kama ni lake, nitamkata alama yeye peke yake."

Mama wa watu akasimama. Yeye ndiye aliyewaonya. Yeye ndiye aliyetaka kuwa wa kwanza, na alikuwa amefanya sehemu yake asubuhi ile bila doa. Alikuwa na haki ya kusema ukweli nusu, na nusu hiyo ingekuwa ukweli kabisa. Mimi ningeisema. Nakuambia wazi, Nakivubo wote tungeisema, kisha tungekunywa soda.

"Ni utaratibu wa ofisi, Mheshimiwa," akasema. "Tuliufanya kila siku. Nami nilikuwepo."

Wakakatwa wote. Hakuna aliyefeli, lakini nafasi ya kwanza ilikwenda kwa wengine, nasikia hata haikuwa mbali.

Huko nje, kwenye maegesho, mkubwa wa ofisi alimpiga Mkenya na faili mgongoni, na si kwa mchezo. "Nilisema! Sikusema? Mnamfundisha kunyamaza!"

"Ulisema, kaunseli. Piga na upande huu, umeniacha nusu."

"Mjinga wewe! Alichokusudia wakili! Nani alikufundisha kujibu hakimu hivyo?"

"Haji. Nimekaa na Haji mpaka nimeharibika."

Binti yangu alikuwa analia na kucheka, na mkubwa wa ofisi akaanza kucheka naye, mara ya kwanza namwona meno. Mke wangu akampa mtoto wake, kisha akapita kando yangu na kuniambia kwa sauti ya chini, "Umeapishwa, usisahau." Nimemweleza mara nyingi tangu siku ile kwamba nilikuwa naigiza, kwamba kiapo kilikuwa cha mazoezi, na kwamba mbao zilinipotea tu. Hunijibu kwamba ushahidi umeshaandikwa na hakimu. Wageni wakija na mimi nikianza habari ya ndoo, yeye huleta sambusa.

Watu wa Kisugu nimewaambia kwamba yule wakili wa Arua nilimtengeneza mimi, pale sebuleni, na kama si kumtibua kwa maneno mengi asingepata sauti. Kuna anayeamini. Siku hiyo, hata hivyo, nilisema nitawapeleka wote Kabalagala wale nyama choma kwa jina langu. Tukajaa garini. Kijana wa Arua alikaa mbele na mimi. Alimpigia mama yake, akaongea Kilugbara kwa sauti ya kupasua kioo, akakata, akampigia tena kwa sababu alisahau kitu, kisha akageuka nyuma akaanza kuwasimulia wenzake mtihani ambao wote walikuwemo. Alisimulia jinsi alivyosimama. Alisimulia nilivyotoa macho kwenye kizimba. Akaiga sauti yangu, Mkenya akamsahihisha, mkubwa wa ofisi akasema la, Haji husema hivi, na binti yangu mwenyewe akawaonyesha. Nilijaribu kuingiza neno pale kwenye taa za barabarani. Nilikuwa na jambo zuri sana la kusema kuhusu koti.

"Shahidi, subiri," kijana akaniambia, hata hakunitazama, akaendelea.

Nikaendesha.